Adabu ya Enelesi

Mtu akikaanga kapenta, wale dagaa wa ziwani, jirani na kwangu, mimi hufunga madirisha. Nyumbani wananicheka. Mume wangu husema mwanamke aliyezaliwa Tunduma akikimbia kapenta, huyo apelekwe akapimwe. Nami humwambia acheke tu, kucheka ni bure. Kapenta wenyewe nawala, tena kwa nyanya nyingi na ugali wa moto, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ile harufu yao wakiwa wakavu, wamefungwa kwenye mfuko wa salfeti, ikichanganyika na mafuta ya mgando yenye marashi makali. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiingia uani kwetu Chapwa kabla shangazi Enelesi hajapiga hodi, na hadi leo ikinipata ghafla sokoni, hujikuta natafuta kwa macho mtoto yuko wapi.

Shangazi Enelesi alikuwa dada mkubwa wa baba, ameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ninyi msioijua Tunduma msije mkadhani ng'ambo ni safari. Sisi tulikuwa tukitumwa chumvi upande wa Zambia tukarudi mboga haijaiva. Kwa hiyo shangazi hakuwa mgeni wa kutoa taarifa. Alikuja alipotaka, amejifunga vitenge viwili, kimoja kiunoni na kingine begani, na mkono wake haukuwa mtupu hata siku moja. Alikuwa mtu mwema, niliseme hilo mapema, maana kusimulia kwangu kungekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mchawi. Alicheka kwa sauti, alitusuka nywele, alimwogesha bibi, mama yao, aliyekuwa akiishi nasi. Ila Mungu hakuwa amemjalia mtoto. Mimba zake zote ziliharibika, na ya mwisho nusura iondoke naye.

Mdogo wangu alipozaliwa, shangazi alifika hata kitovu hakijakauka. Akampakata, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema ataitwa Enelesi. Mama alikuwa na jina lake moyoni, lakini hakuna aliyemuuliza. Halafu shangazi akacheka, akamwambia mama, "Wifi, huyu ni wangu. Wewe ninyonyeshee tu." Wote tukacheka. Mama naye alicheka, ila nilimwona akivuta khanga na kumfunika mtoto uso.

Tangu siku ile nyumba yetu ilikuwa na jambo ambalo halisemwi. Hata mimi, mtoto wa shule ya msingi, nililijua: siku moja shangazi atakuja kumchukua Enelesi. Nisichokijua ni lini. Kila alipokuja aliuliza swali lile lile, hata hajaketi: "Ameanza kusema?" Hakuuliza kama anatembea, wala kama anakula. Mimi nilidhani ni mapenzi tu.

Na mtoto mwenyewe, jamani! Alikawia kusema mpaka majirani wakaanza kunong'ona kwamba huenda ni bubu. Siku alipofungua kinywa hakuanza na mama wala baba kama watoto wa wenzetu. Alianza na "Titaki." Mama alimletea uji, naye akakisukuma kikombe kwa viganja vyote viwili, akatamka wazi kabisa, "Titaki!" Tulishangaa, tukacheka, bibi akapiga kigelegele na meno yake machache. Kumbe tumefungua bomba. Kuoga, titaki. Kulala, titaki. Hata kitu anachokitaka kwa roho yote, mathalani kipande cha muwa, kwanza titaki, halafu ndipo mkono unanyooshwa. Likafuata "mwenyeye," yaani mwenyewe: kuvaa ndala mwenyeye, ya kulia mguu wa kushoto, kubeba kikombe cha chai mwenyeye, sisi tukabaki tunapangusa sakafu. Likafuata "yangu." Malori yalipojipanga barabarani kusubiri kuvuka, yakinguruma na kutoa zile pumzi za breki, yeye alisimama ukingoni mikono kiunoni, akiyaonyesha kwa kidole: "Yangu. Yangu. Na ile yangu." Madereva walimpigia honi. Mtu mwenye mali nyingi kiasi kile sijamwona tena.

Jumapili moja baada ya ibada, mchungaji alisimama mlangoni pa kanisa akiwasalimia waumini. Akainama, akamshika mtoto kidevu. "Bwana asifiwe, mama mdogo!" Enelesi akamtazama kuanzia viatu hadi miwani. "Titaki," akamwambia. Watu walivunjika mbavu, mchungaji mwenyewe akashika tumbo. Asiyecheka alikuwa mama. Nyuma yetu alisimama shangazi, aliyekuwa amevuka kuja kusali nasi, naye alikuwa akitabasamu na kutikisa kichwa polepole.

"Mayo wee," alisema. "Sasa anasema."

Alilisema kwa upole, lakini niliona mkono wa mama ukiubana mkono wa mtoto mpaka mtoto akalia.

Mama alikuwa Mndali, mtu wa Ikinga huko Ileje, alikuja ukweni hajui hata salamu ya Kinamwanga. Kwao, mtoto huhamishiwa kwa ndugu pale tu mama yake anapoonekana ameshindwa kumlea. Ndivyo alivyojua yeye. Basi aliona shangazi ana mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni aibu. Mtoto akionekana hana adabu, wazee wa ukoo watakaa, watasema huyu mwanamke wa Ileje ameshindwa, mpeni dada mkubwa. Akaazimia kuuziba mlango huo kwa mikono yake. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema tukiwa njiani kurudi nyumbani, na kesho yake kazi ikaanza.

Nisimsingizie, mama hakuwa mkatili. Hakuwahi kumchapa. Kila Enelesi aliposema titaki, mama alimgusa mdomo kwa vidole viwili, pa, taratibu, kisha akasubiri. Uji ulisubiri. Kucheza kulisubiri. Na alikuwa na jicho yule mama, we acha tu. Mimi likinitazama nilikumbuka hata makosa ya mwaka jana. Akiuliza, "Unakuja kuoga?" jibu lilikuwa moja, nalo sharti litoke magoti yakiwa chini na viganja vikipigwa polepole, kama wasichana wa kwetu wanavyowasalimu wakubwa: "Ndiyo, mama." Mwanzoni ilikuwa vita. Mtoto alijitupa chini, akapiga mateke, vumbi likatimka uani. Kisha vita ikapungua. Kisha nikaanza kuisikia ile ndiyo ikitoka hata kabla swali halijaisha. Malori yakawa yanapita, naye amesimama tu ukingoni, mikono nyuma, hana hata moja.

Majirani walisifu. "Mama Sara, mtoto huyu umemlea," walisema, wakimwita kwa jina langu, na mama alinenepa kwa maneno hayo kuliko kwa chakula.

Shangazi naye akawa anakuja mara kwa mara zaidi. Alileta magauni makubwa, "ya kukulia," akasema, na mama aliyakunja akayaweka chini kabisa ya sanduku. Siku moja alitoa uzi kwenye pochi, akampima mtoto unyayo, akaupiga uzi ule fundo na kuurudisha pochini. Siku nyingine alisema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba mume wake amepaka rangi kile chumba kidogo. Hakusema ni kwa ajili ya nani. Baba akainama kufunga kamba za viatu vyake, ambavyo vilikuwa tayari vimefungwa. Baba alikuwa mtu wa kufuata mpunga Msangano na kuuza Tunduma. Ulimi wake ulikuwa hodari kwa wanunuzi tu. Niliwahi kumsikia mama akimuuliza, "Dada yako anataka nini hasa?" naye akajibu, "Si unamjua dada." Yakaishia hapo. Niliogopa, sikujua naogopa nini, nikawa nalala nimeshika ncha ya gauni la mdogo wangu.

Mtu mmoja tu hakuifurahia adabu ya Enelesi, naye alikuwa bibi. Mchana, mama akiwa sokoni kwenye meza yake ya nyanya, bibi alikaa nyuma ya jiko akipukuchua mahindi, akamweka mtoto mbele yake na kuanza mchezo wa ajabu.

"Twende kisimani?" anauliza bibi. Mtoto anatazama mlangoni kama mama yupo.

"Sema titaki," bibi ananong'ona.

"Titaki." Anapewa karanga.

"Twende Mbozi?" Titaki, karanga. "Twende kwa mchungaji?" Titaki, karanga. Kisha bibi aliinama mpaka uso wake ukaukaribia uso wa mtoto, na hapo hakuwa anacheka tena. "Twende ng'ambo? Twende kwa shangazi?"

"Titaki!"

Hilo lililipwa karanga za kujaza kiganja. Mimi niliona ni uzee. Niliona bibi amechoka kukaa peke yake na sasa anatafuta wa kuchezea, na kwa kweli kilichoniuma zaidi ni zile karanga, maana mimi nilikuwa nasema ndiyo na titaki zote na hakuna aliyenipa hata moja.

Siku moja mvua ilimrudisha mama mapema, akawakuta. Alisimama pale akichuruzika maji. Sikuwahi kumsikia mama akimpandishia bibi sauti kabla ya siku ile, wala baada yake.

"Mama, unaniharibia mtoto! Mimi nahangaika huku, wewe unabomoa kwa karanga? Unataka waseme nimeshindwa?"

Bibi alitazama mahindi yake. Midomo ilimcheza, kama mtu mwenye kitu kinywani asichoweza kukitema wala kukimeza. Mwishowe akasema, "Mama Sara, mwachie mtoto hilo neno moja. Mengine yote mfundishe. Hilo moja mwachie."

"La nini?"

Bibi aliokota hindi jingine akaendelea kupukuchua, na punje zikawa zinaanguka nje ya ungo, naye hazioni. Kuanzia kesho yake mama alimbeba Enelesi mgongoni kwenda naye sokoni kila siku, mzito vile, na mchezo wa karanga ukafa.

Wakaja Jumapili, mvua za masika zikielekea mwisho. Safari hii shangazi hakuwa peke yake. Alikuja na mume wake, amevaa koti la suti, na wazee wawili wa ukoo wa baba waliovaa kofia. Hakuna aliyecheka mlangoni. Mama alimkamata kuku mwenyewe, akamchinjisha, akapika huku jasho likimtoka, na katikati ya kupika alinivuta pembeni. "Wamekuja kumkagua mtoto," aliniambia. "Wataona. Leo wataona mwanamke wa Ileje analea au halei." Akamvalisha Enelesi gauni la kanisani, akampaka mafuta hadi kwenye vidole vya miguu.

Na kweli, wakaona. Mtoto aliwanawisha wageni mikono, mimi nikishika jagi na yeye beseni, hakumwaga tone. Alipiga magoti kwa kila mzee. Hakuomba nyama. Wazee walitazamana, na mama alikuwa akipita nyuma yao na mabakuli, shingo ameinyoosha, na mimi nilijivuna naye. Nilijua tumeshinda. Nilikuwa nasubiri tu waage.

Vyombo vilipoondolewa, mzee mmoja alikohoa, na shangazi akashuka kutoka kwenye kiti akapiga magoti kwenye mkeka, akawa sawasawa na mtoto. Uani hata kuku walikuwa kimya, au ndivyo ninavyokumbuka mimi.

"Wajina wangu," alisema. "Twende kwangu, ukakae na mimi?"

Enelesi alimtazama bibi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Niliona ulimi wa mtoto ukijitokeza kidogo kati ya meno. Lakini mama naye aliuona, akaogopa kwamba sasa, mbele ya wazee, baada ya kazi yote ile, mtoto anataka kumwaibisha. Akamtupia lile jicho.

Mtoto akageuka. Magoti yakashuka chini, viganja vikapigwa polepole.

"Ndiyo, shangazi."

Na mama akatabasamu.

Shangazi aliangua kilio akamkumbatia mtoto. Bibi alijifunika khanga kichwa kizima. Mzee aliyekohoa akavua kofia akasema, "Basi, amesema kwa kinywa chake, na tumesikia." Mama alikuwa bado na lile tabasamu, hakuna aliyemwambia aliondoe. Akauliza, "Amesema nini?" Ndipo mzee alipomweleza, kwa upole, kama mtu anayetoa habari ya msiba: kwamba katika ukoo ule mtoto haondolewi kwa mama yake akiwa hana maneno. Husubiriwa aseme. Kisha huulizwa mwenyewe, mara moja, mbele ya watu, na atakalolijibu ndilo. Akikataa, shauri limekwisha, hata angekuwa nani anayemtaka.

Mama alishika ukuta. "Hiyo ni adabu tu!" alisema. "Anasema hivyo kwa kila kitu! Mwulizeni jambo jingine! Mwulizeni tena!" Akamnyang'anya shangazi mtoto, akampigia magoti, akamshika mashavu. "Enelesi, mwanangu. Sema sitaki. Sema, mama. Sema sitaki!"

Mtoto alimtazama akitafuta mtego uko wapi. Alishaguswa mdomo mara nyingi mno kwa neno lile. Akapiga magoti, akapiga viganja, na kwa sauti yake nzuri, safi, akasema, "Ndiyo, mama."

Waliondoka jua likiwa bado juu. Shangazi alitaka kumbeba, Enelesi akakataa kwa kichwa, akatembea mwenyewe, na viatu vipya alivyoletewa vilimtosha barabara. Alidhani anakwenda kutembea. Kwenye kona aligeuka akatupungia mkono, nami nikampungia, maana sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Mama hakuwa nje. Baba alikuwa nje, lakini alikuwa anatazama upande wa malori.

Kwa muda tulijifariji kwamba Nakonde ni hapo tu. Mama alivuka kila alipopata nafasi, akarudi na habari: amenenepa, ana kitanda chake, anaimba kwa Kibemba. Baadaye mume wa shangazi akapata kazi mjini mbali, kaskazini mwa Zambia wakakuacha nyuma kabisa, na hapo ndipo nilipoelewa ng'ambo ni neno gani. Leo mdogo wangu ni mwanamke mtu mzima, ameolewa, anapendwa, na shangazi alimlea kwa mapenzi yasiyo na doa. Akija kututembelea humpigia mama magoti. Humwita mama mkubwa. Akiulizwa anataka chai au uji, hujibu chochote tu, na mama hutoka nje kwenda kutafuta kitu.

Mengine nilikuja kuelezwa na bibi mwenyewe, nikiwa na mimba yangu ya kwanza na yeye akiwa hatoki tena kitandani. Kumbe katika desturi ile mama mzazi haambiwi kitu. Wanaukoo wote huapa kunyamaza, baba pia, kwa sababu mama gani angeambiwa kuna swali linakuja asimfundishe mwanawe kukataa? Bibi alikuwa ameapa mbele ya binti yake mwenyewe, huyo aliyezika mimba zake zote. Hakuweza kusema. "Lakini karanga," aliniambia, akacheka kidogo mpaka akakohoa, "karanga hazikuwa kwenye kiapo." Nilikaa kando ya kitanda chake nikalia kwa ajili ya yule bibi wa nyuma ya jiko, ambaye mimi nilidhani amezeeka tu, kumbe alikuwa akimwibia mwanawe wa kumzaa ili amwokolee mkwewe.

Mama sasa amezeeka, anakaa nami, na tunaongea yote: ndoa zetu, wafu wetu, hata mambo ambayo mtu na mamaye hawapaswi kuyaongea. Swali moja tu sijamuuliza, wala sitamuuliza. Sijui kama anakumbuka kwamba alitabasamu. Kabla mzee hajavua kofia, kabla ya kilio, kulikuwa na kitambo kifupi ambapo mtoto amejibu vizuri mbele ya ukoo mzima, na mama yangu, mwanamke wa Ileje, alikuwa na furaha kuliko nilivyopata kumwona maisha yangu yote. Mimi nilimwona. Kila nikisali namwombea awe amesahau.